Mbegu ya hoho iliyolowekwa kemikali: faida iko kizazi kipi?

Loweka mbegu za hoho kwa saa kadhaa kwenye maji yenye EMS kidogo, kemikali inayobadili vinasaba, kisha zisuuze sana na uzisie kwenye trei. Iweke kando ya trei ya mbegu za kawaida. Baada ya wiki chache huhitaji rula: matundu mengi hayajaota, miche imedumaa, majani mengine yamekunjamana au yana mabaka meupe. Dozi ikipanda, hali huzidi kuwa mbaya. Hata mche unaofika kutoa maua, chavua yake nyingi huwa imekufa, na matunda hupungua.

Kwa macho ya mkulima wa Ilula au Uyole, hiyo ni hasara tupu, na kwa kizazi hicho cha kwanza yuko sahihi. Lakini mtafiti haitafuti faida hapo. EMS hugusa vinasaba bila mpangilio. Mabadiliko mengi ni mabaya, machache sana yana manufaa, na mengi hujificha mpaka mmea ujichavushe na kuzaa kizazi cha pili. Hapo ndipo anapopita mstari kwa mstari, mche kwa mche, akitafuta ule uliosimama wakati wenzake wameanguka kwa mnyauko bakteria, au unaoshika matunda usiku wa baridi ambao hoho za kawaida huangusha maua. Kwa nyanda zetu za juu kusini, sifa hizo mbili ni mali.

Njia hii haiingizi kinasaba cha kiumbe kingine, na imeshazaa mbegu halisi: duniani zimesajiliwa aina zaidi ya 3,000 za mazao yaliyobadilishwa hivi, ingawa nyingi zilitokana na mionzi, si kemikali. Mpunga wa SUPA BC, uliopitishwa Zanzibar mwaka 2011, nao ni wa mionzi.

Ninachokipinga ni matangazo ya haraka kwamba dozi ndogo "imeongeza mavuno". Kama matunda yalihesabiwa kizazi cha kwanza tu, huenda mmea ulishtuka na kuchangamka kwa muda, na mbegu zake zisirithi chochote. Kolchisini nayo, kemikali nyingine inayoweza kupandisha kromosomu za hoho (nyuzi zinazobeba vinasaba) kutoka 24 hadi 48, hunenepesha majani na kukuza maua, lakini mara nyingi mbegu hupungua na ukuaji huchelewa. Jani nene halijazi tenga.

Na EMS inaweza kusababisha saratani. Mahali pake ni maabara yenye glavu na mfumo wa kuchukua hewa chafu, si ndoo ya nyuma ya nyumba, wala rafu ya duka la pembejeo.

Kwa hiyo naunga mkono kazi hii ifanywe na vituo vya utafiti kama TARI Uyole, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kwa sharti moja: takwimu za mavuno zianze kuhesabiwa kizazi cha tatu, maua yakiwa yamefunikwa chandarua ili nyuki wasilete chavua ya pilipili kichaa ya jirani, na majaribio yafanyike shambani, kwenye baridi na mnyauko wenyewe.