Shauri la Dume la Bata

Yeyote atakayenikuta leo nina matope hadi magotini, ilhali mvua haijagusa Jinja, hapa Uganda, kwa muda mrefu, naomba asiniulize kitu, bali aende moja kwa moja kwa jirani yangu Afande akamwulize ni kwa nini bata ambao wana Ziwa Viktoria zima hapo Masese wameona mahali pafaapo kuogea ni chombo cha maji cha vifaranga wangu. Nilikijaza alfajiri kwa maji ya kununua. Kabla sijafunga mlango wa banda, maji yalikuwa sakafuni, maranda yalikuwa uji, na bata mmoja alikuwa amesimama ndani ya chombo akinitazama kwa utulivu wa mwenye nyumba aliyekuja kuulizia kodi.

Banda ni moja kwa sababu ua ni mmoja, na mwenye nyumba wetu alitamka kwamba mabanda mawili yatamharibia mandhari, mandhari yenyewe ikiwa ni choo, kamba za nguo na tangi lililotoboka. Kuku ni wangu, bata ni wa Afande, mwanajeshi mstaafu anayeamini kwamba kiumbe chochote kinaweza kukaa kambini na kingine endapo kitapata nidhamu. Tuligawana gharama za mabati na wavu, na kuhusu mengine yote alinihakikishia kwamba watazoeana wenyewe.

Hawajazoeana. Kuku hupanda kichanjani magharibi ikiingia na kulala kama waliolipiwa, ilhali bata hubaki chini wakizunguka na kunong'onezana hadi usiku wa manane. Kuku hutaga jua likishapanda, ndani ya kiota, kisha hutangaza; bata hutaga gizani, popote alipo, na yai hulipata anayelikanyaga. Kuku hunywa kwa kuchovya mdomo na kuinua kichwa, basi. Bata, kwa mujibu wa daktari wa mifugo, ni lazima apate maji ya kuzamisha mdomo mpaka tundu za pua, kwa sababu humo ndimo anamosafishia pua na macho, na nimekubali kwamba ni haki yake ya kimaumbile. Nisichokubali ni kwamba maji yale yale ya pua amwagiwe kuku, maranda yalowe, banda linuke mkojo hadi macho yatoe machozi, na vifaranga wangu waanze kuhara damu, kwani vimelea vya ugonjwa huo hakuna kinachovipendeza kuliko joto na unyevu. Dawa nanunua mimi. Chanjo ya mdondo, ile ya tone moja jichoni, nanunua mimi pia, maana Afande ameshasema bata wake hawaugui mdondo, na ni kweli mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote: wanaweza kuubeba tu na kuwaachia kuku wafe.

Hata chakula kimekuwa siasa. Vifaranga wa bata walipoanza kuchechemea, nilishutumiwa kwamba chakula changu cha vifaranga ni kibovu, mpaka daktari alipoeleza kuwa kifaranga wa bata huhitaji vitamini iitwayo niasini kwa wingi kuliko kifaranga wa kuku, na kwamba akiikosa miguu hupinda, hivyo tuwaongezee samaki. Sasa ninasimama Masese nikibishana bei ya mukene, yaani dagaa, kwa ajili ya miguu ya bata wasio wangu.

Hayo yote niliyameza. Kilichonifikisha kwa mwenyekiti wa LC1, halmashauri ya mtaa wetu, ni dume.

Ni dume wa wale bata wenye nyama nyekundu usoni, wasiojua kulia bali kufoka, na ana uzito unaokaribia kilo 5, wakati mtetea wangu wa kienyeji akizidi sana hafiki kilo 2. Siku moja nilimkuta juu ya mtetea, amemshika ukosi kwa mdomo, na jogoo wangu amesimama pembeni akichunguza ukuta. Nilimweleza Afande, akajibu kwamba ni mazoezi. Nilikuwa nimesoma kwamba Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya mwaka 2006 inazipa mahakama hizo uwezo wa kusikiliza mashauri ya madeni, mikataba na uharibifu wa mali, na kwa kuwa mtetea ni mali, nililipa ada ya kufungua shauri, nikavaa koti.

Kikao kilifanyika chini ya mwembe, mbele ya kamati na watu ambao hawakuwa kamati lakini walikuja na viti vyao.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti, "eleza malalamiko yako."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, dume la bata la mlalamikiwa limekuwa likiwasumbua mitetea wangu."

"Kuwasumbua kivipi? Anawadonoa?"

"La, Mheshimiwa. Laiti angekuwa anawadonoa."

Katibu wa wanawake alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili asikie vizuri. Nilikuwa nimeiandaa hoja yangu kwa lugha ya heshima, nikaeleza kwamba baina ya jogoo na bata dume kuna tofauti kubwa ya maumbile. Kwamba jogoo, kwa hekima ya Muumba, hana kiungo, na shughuli yake huisha kwa kugusana tu, ambapo bata dume anacho, na ni kirefu, na mtetea hakuumbwa kukipokea, hivyo anaweza kuchanika ndani na kufa. Mwandishi wa kamati, aliyekuwa akiandika kila neno katika daftari la mistari, aliinua kalamu.

"Mwalimu, nimeandika 'maumbile'. Ni maumbile ya nani?"

"Ya bata."

"Kirefu kiasi gani? Niandike makadirio."

Kicheko kilitoka nyuma, kwenye viti vya wasio kamati, nami nikajibu kwamba makadirio hayo yanapatikana kwa daktari wa mifugo. Ili kuirejesha hadhi ya kikao, nilihamia hoja ya pili, kwamba asili ya bata wa aina hii ni Amerika ya Kati na Kusini, na kwamba kwa utaratibu wetu sote, mgeni anayehamia mtaani huleta barua ya mwenyekiti wa alikotoka. Mwenyekiti aliitafakari hoja hiyo kwa uzito ambao sikuutarajia, kisha akauliza, barua hiyo ikihitajika, muhuri utalipiwa na nani.

Hapo Afande akasimama. Alisimama wima, mikono mapajani, kidole gumba kwenye mshono wa suruali.

"Mheshimiwa, nami nina malalamiko. Kuku wa Mwalimu wanalala juu, bata wangu wanalala chini. Kila usiku kuku hao wanafanya haja, na haja hiyo inashuka. Asubuhi bata wangu, ambao ni weupe, si weupe."

Wajumbe walinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyekuwa kichanjani.

"Afande," akauliza mwenyekiti, "dume wako ana majike wangapi?"

"Jike mmoja, Mheshimiwa."

"Na jogoo wa Mwalimu?"

Nililazimika kukiri kwamba mitetea ni tisa.

Ukimya ulipita chini ya mwembe. Mzee mmoja wa kamati alitikisa kichwa taratibu, akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Kumbe mtoto wa watu anaonewa." Katibu wa wanawake, niliyemtegemea kama ngome yangu ya mwisho, alisema kwamba jike huyo mmoja ndiye wa kuhurumiwa kuliko wote, kwa kuwa hapumziki. Daktari wa mifugo, aliyeitwa kwa simu na kuwekwa sauti kubwa, alithibitisha kwamba dume la bata anapaswa kuwa na majike wanne au watano, na akiwa na pungufu huwachosha aliyonao na kuwageukia kuku. Aliongeza kwamba suluhisho bora ni kuwatenganisha kabisa, lakini simu ilikatika katikati ya neno "kuwatenganisha", na kamati ikaridhika na sehemu iliyosikika.

Hukumu ilisomwa baada ya soda, soda ambazo nililipia mimi kama mlalamikaji. Kamati ilinipa ushindi. Ilitamka kwamba dume amekosa, kwamba mali yangu imeathirika, na kwamba, ili tabia hiyo ikome, Afande anaamriwa kuongeza bata majike wanne ndani ya banda hilo hilo. Muhuri ukapigwa. Watu walinipa mkono wa pongezi.

Nimeshinda kesi, na bata wameongezeka. Nauliza tu, kwa utulivu, ni mahakama gani nyingine duniani inayomlipa mlalamikaji kwa kumwongezea kile alicholalamikia? Na mtu asiniambie nikate rufaa LC2, ngazi ya juu yake, maana najua huko wataagiza bwawa! Nyumbani nako sina mshirika, kwa sababu Mama Watoto amegundua kwamba yai la bata ni kubwa na keki hupanda nalo vizuri, na siku hizi anamsalimia Afande kwa sauti ya mtu anayehitaji mayai. Nilipomwambia kwamba mtetea wetu mmoja anaatamia mayai ya bata, na kwamba atakaa hapo siku 35 badala ya 21 zake za kawaida, alisema huyo ni mama mwenye subira, akanitazama.

Dume, kwa haki yake, ametulia. Hana nafasi tena. Ila majike watano na dume mmoja wanachafua maji mara tatu ya walivyochafua wale wawili, na nimeweka chombo juu ya matofali, wamepanda matofali. Nimeweka wavu chini yake na shimo la changarawe ili maji yazame, wakachimba changarawe kutafuta konokono. Kwa hiyo maranda yanabadilishwa kila uchao, na hapo ndipo ninapofika kwa yule seremala wa barabarani, ambaye miaka yote alikuwa akiyachoma maranda yake moto na kutufukizia moshi mtaa mzima bure, na alipoona ninarudi na gunia kila asubuhi akayapangia bei. Juzi akapandisha, na leo, nikiwa na matope haya haya, ameniambia yamekwisha kwa sababu kuna mteja mwingine aliyeagiza yote kwa mwezi mzima, mteja mstaafu, mwenye bata.