Shaba Tupu Si Garratt: Ipake Rangi

Juzi nimetumiwa picha ya modeli ya Garratt, kile kichwa kirefu cha treni ya mvuke chenye boila katikati ya seti mbili za magurudumu, ya daraja la 59, zile za Reli ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa vipande vya shaba ya njano. Kipimo ni 1:87, kwa hiyo kichwa kilichokuwa na urefu wa karibu mita 32 kimekuwa sentimita 36 na kitu, juu ya reli yenye upana wa milimita 12. Mkono wa fundi umetulia kwelikweli. Hakuna tone la risasi ya kulehemea lililozidi kwenye kiungo, na ribiti za matangi zimejipanga safu kama zilivyokuwa. Kisha nikasoma maelezo ya mwenyewe: haitapakwa rangi kamwe, kwa sababu rangi itaificha kazi yake. Wapongezaji wamejaa. Mimi nimekasirika, na hasira haijanitoka.

Modeli ile haijaisha. Imefika mahali pazuri pa kusimama na kupiga picha, basi. Kilichokuwa kikipanda kutoka Mombasa, kikapita Voi na Mtito Andei na shehena yake mpaka Nairobi, hakikuwa cha njano. Kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, yaani maruni, chumba cha moshi cheusi, kimepigwa na jua na vumbi jekundu la Tsavo. Ukiniondolea rangi ile umeniachia umbo tu, na umbo peke yake halitoshi kwa mtu aliyekiona kitu chenyewe.

Nasema hivi kwa ushahidi. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa faiamani, mwangalizi wa moto kwenye treni za mvuke, alikuja nyumbani siku moja nikamwonyesha Garratt yangu ikiwa bado shaba tupu. Akaigeuzageuza kwa adabu, akasema, "Hongera mwanangu, kazi nzuri," akairudisha mezani. Alipokuja tena ilikuwa imeshapakwa. Safari hii hakunipa hongera. Alivaa miwani, akainama, akaniuliza mbona pembeni mwa mdomo wa kujazia mafuta pako safi, maana pale palikuwa peusi wakati wote. Akanionyesha kwa kidole mvuke ulipokuwa ukivuja, maji yanakauka na kuacha michirizi myeupe ya chokaa. Akaketi mpaka magharibi akieleza. Shaba haikumkumbusha lolote. Rangi ilimrudisha kazini.

Hapo niseme na jambo la mafuta, kwa sababu linaniudhi kila nikiliona: Garratt hizi zilichoma mafuta mazito. Usizibebeshe makaa ya mawe kwa nyuma eti kwa kuwa picha ya kichwa cha Uingereza ulichokiona kina makaa.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba hoja ya kuficha kazi ina chembe ya ukweli. Rangi nzito huzamisha ribiti, na mtu aliyelehemu miezi mingi ana haki ya kuogopa kuiharibu kazi yake kwa jioni moja. Lakini hilo ni kosa la mkono, silo la rangi. Piga picha za shaba yako kabla ya kupaka, zihifadhi, mwonyeshe umtakaye. Isitoshe, shaba tupu haibaki inang'aa. Kwa hewa hii ya chumvi ya pwani itafifia iwe kahawia yenye mabaka, na ukitaka kuizuia itabidi uipake vanishi. Kama kupaka ni lazima, basi paka kilicho sahihi.

Ubaya ni kwamba upakaji unachukuliwa kuwa kiporo cha kazi, kitu cha kumalizia haraka. Sivyo. Unaanzia kwenye kuosha. Flaksi ya kulehemea ina asidi, na ikibaki kwenye pembe itaota kutu ya kijani chini ya rangi na kuibandua, hata kama ulipaka vizuri namna gani. Maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani, suuza, kisha suuza tena. Ikishakauka usiiguse kwa vidole vitupu, kwa sababu jasho lina mafuta. Halafu praima, rangi ya msingi, ile inayong'ata chuma, wala si praima yoyote iliyopo dukani, maana shaba ni laini na rangi ya kawaida haishiki juu yake. Tabaka jembamba, ngoja, tabaka jembamba. Ukiwa bado unaiona shaba kwa mbali baada ya mpulizo wa kwanza, uko sawa.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Rangi ya thina ukiipuliza hewa ikiwa nzito na maji inakauka na ukungu mweupe juu yake, na damu ya mzee yako inageuka kama imemwagiwa maziwa. Subiri siku kavu, jua liwe limepanda. Ukikwama nenda kwa mafundi rangi wa magari, waulize thina inayokauka polepole. Wale wanajua hali ya hewa yetu kuliko kitabu chochote kilichoandikwa Ulaya. Na usiitumie maruni kama ilivyotoka koponi. Kitu kidogo ndani ya chumba huonekana cheusi zaidi kuliko kitu kikubwa juani, kwa hiyo ichanganye na rangi nyepesi kidogo mpaka macho yakubali.

Hata weusi una kazi yake. Kampuni ya modeli ya Kitmaster iliwahi kutoa Garratt ya plastiki, ile ya reli ya LMS ya Uingereza, na wengi huimwagia nyeusi moja kutoka mbele hadi nyuma. Chumba cha moshi huungua na kupauka, fito za magurudumu zina ng'aro la grisi, paa la dereva lina masizi yasiyong'aa. Hizo ni nyeusi tatu. Garratt za LMS zilikuwa 33 na zote zilikatwakatwa, hakuna iliyobaki. Anayetaka kuiona moja leo hana pengine pa kuiona isipokuwa kwenye modeli, na picha nyingi za wakati ule hazina rangi.

Na shaba nayo ina mahali pake, kwenye bamba la jina. Paka bamba zima, liache likauke, kisha pitisha msasa laini juu ya herufi tu mpaka zitoke zenyewe. Herufi za njano juu ya ubavu wa maruni hupendeza kuliko kichwa kizima cha njano.

Daraja la 59 zilikuwa 34, zote zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zimebaki mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, ziko Makumbusho ya Reli Nairobi. Milima yenyewe iko Tanzania, mmoja jirani na Ziwa Natron na mwingine Upareni. Mtu yeyote akiwa na nauli anaweza kwenda kuzigusa. Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye modeli ile ni hili: akishapaka, asichague namba ya Gelai wala ya Shengena, ingawa ndizo rahisi kupatia picha. Achague mojawapo ya zile 32 zilizouzwa chuma chakavu.