Ukienda Kilwa, uliza maji kwanza

Wengi wakipanga safari ya Kilwa hufungua ramani ya simu, wakaona kilomita 300 na ushei kutoka Dar es Salaam, kisha wakapiga hesabu ya wikiendi: Jumamosi kwenda, Jumapili asubuhi kisiwani, Jumapili mchana kurudi. Kwenye karatasi inawezekana. Kinachowaangusha ni kwamba hesabu hiyo imefuata ratiba ya basi peke yake, na Kilwa ni mji wa maji. Bahari ndiyo inayoamua utashuka wapi, utatembea kiasi gani kwenye tope, na kama Songo Mnara, kisiwa cha magofu, utakiona au utaishia kukitazama kwa mbali ukiwa umekaa juu ya fungu la mchanga.

Maoni yangu: usiku 3 Kilwa Masoko, mji wa bara unakotokea vyombo vya kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ndio kiwango cha chini. Ukiwa na mmoja tu, afadhali uhifadhi nauli yako mpaka upate siku za kutosha.

Tuanze na maji yenyewe. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika 50 hivi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji jedwali lolote. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kati ya tarehe 1 na 3 au 15 na 17, ni bamvua: maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu, na hapo mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa 4 asubuhi. Hayajai sana, lakini pia hayatoki sana, kwa hiyo una nafasi ya kukosea kidogo bila kuadhibiwa.

Kwa nini ujisumbue na hesabu hii? Kwa sababu ya Songo Mnara. Kisiwa hicho kiko kusini ya Kilwa Kisiwani, na kukifikia ni kupita kati ya visiwa na mikoko. Maji yakiwa yamejaa, chombo kinakusogeza karibu. Yakiwa yametoka, unashuka mbali na kuvuka tope kwa miguu, na tope la mikoko halina adabu: linameza kandambili, linarudisha mguu mtupu, na chini yake kuna chaza waliong'ang'ania mizizi, wenye makali ya wembe. Vaa yeboyebo zenye mkanda nyuma, au raba kuukuu ambazo huzihurumii. Peku ndiyo njia ya haraka ya kuishia na kidonda. Na hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa bara, Masoko huipati.

Basi siku ya Songo Mnara ipange kwa maji mafu au siku 2, 3 kabla yake, utoke Masoko kukipambazuka. Kwa mashine ni mwendo wa saa 1 hivi. Kwa tanga ni kadiri upepo utakavyopenda. Ukikuta safari yako imeangukia bamvua, zungumza na nahodha usiku wa kuamkia. Akikuambia "kesho hapana", mwamini. Wa kuogopa ni yule anayekubali kila saa unayomtajia.

Msimu nao una neno. Juni hadi Agosti kusi huvuma, na upepo huamka kadiri jua linavyopanda; asubuhi bahari imelala, saa 8 mchana unarudi umelowa hadi kwenye mfuko wa simu. Septemba hadi Novemba ndio wakati wenyewe: bahari tulivu, nchi kavu, na kuelekea mwisho korosho zinaanza kuvunwa. Machi hadi Mei ni kujitakia. Mvua ya kusini haichezi na barabara: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, njia ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala barabarani.

Kibali. Huwezi kupanda chombo tu ukaenda kutembelea magofu. Kibali hutolewa Masoko, na malipo ya serikali hupita kwa kontrol namba, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji. Kifuatilie siku unayofika, kabla ofisi haijafungwa. Ukikiacha mpaka asubuhi ya safari unapoteza saa 2 za maji mazuri ukisubiri mtu afungue mlango. Hapo hapo ndipo unapopata mwongoza wageni, na usimkwepe kwa kubana matumizi. Bila yeye Kisiwani ni kuta tu.

Na nahodha, elewaneni mambo manne kabla mguu haujagusa chombo: bei ni ya chombo kizima au ya kichwa, mafuta yamo au hayamo, atasubiri kwa muda gani, na majaketi okozi yako wapi, uyaone kwa macho. Toa nusu ya kununulia mafuta, nusu mkirudi. Ugomvi mwingi ufukweni hutokana na jambo la tatu, kwa sababu mgeni huhesabu kwenda na kurudi, nahodha anahesabu siku yake nzima.

Kilwa Kisiwani yenyewe ni karibu, kama kilomita 2 tu za maji, na siku yoyote ya mwezi inafaa. Toka saa 1 asubuhi. Kinachokupokea ni Gereza, ngome iliyosimama mahali Wareno walipojenga yao mwaka 1505. Hii unayoiona ni ya Waomani, na bahari imekwisha kula upande wake mmoja. Mmomonyoko ni moja ya sababu magofu haya, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakaondolewa 2014.

Msikiti Mkuu kila mtu ataupiga picha. Simama kwanza ukumbi wa kaskazini, ndio wa zamani, wa karne ya 11, kisha pita kusini kwenye nguzo na makuba ya baadaye, uone mji ulivyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini, Msumbiji ya leo. Halafu Msikiti Mdogo wa Makuba, ambao kwangu ndio mzuri kuliko yote kisiwani. Inua macho.

Kosa la kawaida ni kuishia hapo. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, liko zaidi ya kilomita 1 mashariki, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za sultani huyo. Kuna bwawa la pembe nane, na ngazi za mawe zinazoshuka kuelekea ufukweni. Mwambie nahodha akufuate upande huo kama maji yanaruhusu, vinginevyo utairudia njia ile ile jua likiwa utosini. Maji ya kunywa beba mwenyewe, lita 2 kwa kila mtu, na chakula kidogo. Kisiwani kuna watu wanaishi na kulima. Si jumba la makumbusho. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, na mtu mpige picha baada ya salamu na ruhusa.

Siku ambayo bahari imekataa, panda gari uende Kivinje, ambako wageni wengi hawafiki. Ndiko misafara ya watumwa na pembe kutoka Ziwa Nyasa ilikoishia karne ya 19, ndiko Wajerumani walikojenga boma, na ndiko walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao, mwaka 1895. Jina la mahali hapo, Mwembe Kinyonga, limebaki mpaka leo. Nyumba za ghorofa zinabomoka taratibu, milango iliyochongwa inapungua. Nenda asubuhi wavuvi wanaposhusha, ule pweza hapo hapo.

Kurudi Dar, kata tiketi jioni ya kuamkia. Mabasi ya Masoko huondoka alfajiri. Kwenda Nangurukuru, njia panda ya barabara kuu, kusubiri basi la kutoka Mtwara ni kamari, kwa sababu mara nyingi linafika limejaa, na utasimama mpaka Mbagala.