Akaunti moja, watu kumi na mmoja

Jumatatu niliitwa kwa bosi kabla sijagusa chai. Orodha ya mishahara imevuja, watu wanajuana mpaka posho. "Wewe si ndiye mtu wa IT? Hebu angalia kwenye seva utuambie nani kaifungua."

Nikaangalia. Ukaguzi wa folda za pamoja niliuwasha mwenyewe tangu mwaka jana, maana Windows haikuwashii bila kuambiwa. Tukio 5140, namba ambayo Windows huandika mtu akiingia folda ya pamoja, nikalikuta limetulia: folda ya Mishahara, Ijumaa saa 2:47 usiku, anwani ya IP ya kompyuta ya mapokezi. Chini yake 5145, na jina la faili lenyewe. Mwili ukanisisimka, nikajiona mpelelezi. Halafu nikasoma jina la akaunti: ofisi.

Basi, kesi ikaishia hapo. "Ofisi" ni sisi sote. Ni watu kumi na mmoja, bila kumhesabu kijana wa mafunzo aliyeondoka Machi, na neno la siri limebandikwa kwa gundi ubavuni mwa printa, kwa kalamu nyekundu, lisije likampita mtu. Daftari la mlinzi getini limetushinda! Kule mtu akiingia anaandika jina lake, hata kama mwandiko ni wa kuku aliyechakura.

Na mimi ndiye ninayeulizwa kwa nini mifumo yetu "haina usalama". Mfumo umefanya kazi yake. Umesema siku, saa, mashine na faili. Kilichobaki ni jina la mtu, na jina tulilifuta wenyewe kwa sababu kila mmoja kuwa na akaunti yake ni "usumbufu". Nimeomba mara tatu. Mara ya mwisho nikajibiwa kwamba sisi hapa ni familia. Haya, familia, nani kafungua?

Kuna wanaosema logi zenyewe, yaani hizo kumbukumbu za matukio, ni balaa. Kwa shingo upande, nakubali. 5145 ukiiwasha inamwagika kama mvua ya masika. Mtu akifungua folda tu unapata mistari chungu nzima, na ile nafasi ya MB 20 inayokuja na Windows inajaa upesi, ya zamani ikafutwa. Ndiyo maana niliongeza nafasi, na siisomi yote. Naangalia akaunti inayogusa mamia ya faili kwa dakika chache, kompyuta ya kawaida inayobisha hodi C$ au ADMIN$ ya mwenzake (milango iliyofichwa ya wasimamizi wa mfumo), na 1102, tukio la logi kufutwa, maana mtu hafuti logi ya usalama kwa bahati mbaya. WannaCry ya Mei 2017, ile programu haribifu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipita mlango huohuo wa kushirikiana mafaili, kwa hiyo msiniambie ni mambo ya umbea wa mishahara tu.

Kwa nini akaunti ya "ofisi" iliruhusiwa kufungua Mishahara? Swali zuri. Muulizeni aliyesema "wape wote, tusisumbuane".

Jumanne bosi akakubali. Nikatengeneza akaunti kumi na moja, nikamkabidhi kila mtu ya kwake mkononi, nikabandua kile kikaratasi cha kwenye printa. Saa nane mchana, kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: "Jamani, mama wa uhasibu katoka kidogo, nani anajua password yake?"

Watu wawili walijibu.