Baiskeli Namba 14

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya shemeji. Nataka hilo lieleweke mapema.

Jumapili hiyo nilijipangia ziara ya majengo ya kale. Nikaanzia stesheni ya reli hapa Moshi mjini, nikapiga picha mbili tatu, kisha nikashika njia ya kupanda Old Moshi. Wajerumani walikuwa na boma lao kule juu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika huku tambarare mwaka 1911, mji nao ukateremka kuifuata. Kwa nini uliteremka, nilielewa vizuri sana kwenye kilomita ya tatu, mnyororo ukiwa umenitafuna pindo la suruali, na bibi mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani ananipita huku ananiambia pole.

Nilitaka kufika Tsudunyi, alikonyongwa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Sikufika. Njiani kuna kanisa moja la mawe (jina naliacha, bado naona haya kupita pale). Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamejaa nje. Nikaegesha baiskeli penye nafasi, kando ya mikungu ya ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, nikaenda nyuma kuchungulia jinsi mawe yalivyopangwa.

Ndiyo, najua. Mtu aliyekulia uchagani anapaswa kujua ndizi na jogoo nje ya kanisa siku ya Jumapili ni nini. Ni mnada wa mavuno: watu wanatoa vitu sadaka, kanisa linavinadi.

Niliporudi, mnadishaji alikuwa ameinua gurudumu la mbele, analizungusha watu waone. "Breki hazishiki, lakini aliyeitoa ana moyo! Elfu hamsini mara ya kwanza!"

Nikajisemea, kumbe kuna mwingine mwenye baiskeli kama ya shemeji. Kisha nikaliona koti langu kwenye keria, na kwenye madigadi ya nyuma wameandika 14 kwa chaki.

Nikanyoosha mkono kusema ngojeni.

"Elfu sitini kwa kijana wa suruali iliyochanika!"

Mzee mmoja wa kofia ya pama akasema sabini bila hata kunitazama. Nikamwendea mzee wa kanisa, nikamnong'oneza kwamba ile baiskeli nimekuja nayo mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga.

"Kumbe ni wewe! Tumeshaiombea, mwanangu. Umeitoa, na bado unataka kuinunua? Bwana akuzidishie."

Kabla sijajibu akanitangaza. Kina mama wakapiga vigelegele. Sasa hapo wewe ungesema nini?

Nikasema themanini. Pama akasema tisini. Yule mzee alikuwa na hela ya kahawa, si bure. Tulipofika laki na ishirini akaikagua tena, akabonyeza breki, akaguna, akaniachia. Nililipa kwa simu, salio likabaki shilingi mia nne na kitu.

Kuteremka sikuhitaji kukanyaga pedali hata mara moja. Nilihitaji breki.

Jioni shemeji akaizunguka baiskeli yake polepole, akaiona chaki.

"Hii 14 ni ya nini?"

"Nilishiriki mashindano, shem."

"Ukawa wa ngapi?"

"Wa kwanza. Ila kuna mzee mmoja alinikimbiza karibu mpaka mwisho."