Mgeni wa Mtwara Tumpeleke Wapi Kula?

Kila mwaka ifikapo Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, nyumba za kulala wageni za Shangani, Ligula na Rahaleo hujaa watu: wanunuzi na mawakala wao, wakaguzi, watu wa benki, madereva wa malori yanayongoja zamu bandarini. Ndipo swali moja huanza kuzunguka katika ofisi na katika familia za mjini hapa: huyu mgeni ale wapi, na jioni tumpeleke wapi? Majibu niliyoyasikia kwa miaka mingi ni mawili. La kwanza husema abaki hotelini, aagize chipsi kuku au wali na nyama, atazame mpira kwenye televisheni, alale salama. La pili husema atolewe, apelekwe Feri, Mikindani au ng'ambo ya Msangamkuu, akae kwenye benchi wanalokalia watu wa Mtwara na ale wanachokula. Mimi ni wa jibu la pili, na naona wanaolibeza hawajalisikiliza hadi mwisho. Hata hivyo jibu la kwanza lina hoja za kweli.

Anayezipuuza hoja hizo hajawahi kuuguza mgeni. Mtu aliyekuja kwa siku tatu akiharisha siku mbili, safari yake imeharibika, na lawama hurudi kwa mwenyeji. Vibanda vingi vya chakula havina maji ya bomba. Vyombo huoshwa katika mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia, na maji ya kusuuzia yakikaa tangu mchana hadi usiku hayawezi tena kuitwa safi. Muhogo mchungu nao una sumu ya sianidi, ambayo haipungui mpaka muhogo uvundikwe au ulowekwe, kisha uanikwe ukauke sawasawa. Anayeharakisha hatua hizo hucheza na afya ya wanaokula. Tena mji huu una Waislamu wengi, na mchana wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa, hivyo mgeni asiyefunga hana pa kwenda ila hotelini. Yote hayo nayakubali. Lakini dawa yake ni kuchagua pa kula, na kuchagua ndiyo kazi ya mwenyeji: jiko linalowaka mbele ya macho yako, chakula kinachotoka motoni kwenda sahanini, na mama ambaye sufuria yake huisha mapema kwa sababu majirani zake wenyewe ndio wateja wake.

Kuna jambo jingine linalolipa nguvu jibu la kwanza, ingawa halisemwi sana, nalo ni namna mji wenyewe ulivyojengwa. Mtwara haikukua taratibu kando ya bandari kongwe kama Mikindani. Ilipimwa na Waingereza iwe bandari ya ule mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, wenye mashamba yake Nachingwea na reli yake ya kushuka hadi baharini. Karanga hazikuja, reli ilikuja kung'olewa, zikabaki barabara pana na masafa marefu kati ya mtaa na mtaa. Kwa hiyo mgeni anayetoka kwa miguu jioni pale Shangani hutembea muda mrefu kando ya kuta na miti bila kuona moshi wa jiko lolote. Chakula kipo Magomeni, Majengo, Chikongola na sokoni, lakini hakimjii njiani. Anarudi chumbani na kuwaambia wenzake kwamba Mtwara hakuna pa kula, na kwa yale aliyoyaona hakusema uongo. Angefikishwa Mikindani, kilomita kama 10 tu kutoka mjini, angekuta mji wa kale uliolizunguka ghuba, vichochoro vya nyumba za mawe, boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli, na ufuo ambao David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya kuingia bara mwaka 1866. Lakini hafiki peke yake. Lazima mtu amwambie.

Na kwa nini hatumwambii? Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wenzangu wanaosema kwamba ni suala la usafi. Nimewaangalia wenyeji wengi, nikiwamo mimi katika ujana wangu, na naamini sababu kubwa ni aibu. Chukua ming'oko. Ni mizizi myembamba ya porini, jamii ya viazi vikuu, ambayo wanawake wa Mtwara na Lindi huichimba kwa subira na kuichemsha na maganda yake. Pale Mnazi Mmoja, njia ya Lindi, ya Masasi na ya Mtwara zinapokutana, wauzaji huyakimbilia mabasi na vifungu vyao vya ming'oko yenye moto, na abiria wa kusini hununua kupitia dirishani bila kuuliza bei mara mbili. Unalimenya ganda kwa kidole gumba, ndani ni mweupe, una utamu mdogo unaokuja mwishoni baada ya kutafuna. Ukiuliza kwa nini hakuna anayempa mgeni, utaambiwa: hiyo ni chakula cha njaa. Ni kweli kwamba miaka ya mvua mbaya iliokoa watu. Ugali wa muhogo nao unabebeshwa mzigo huohuo. Weusi wake unamkumbusha mtu mzima nyumba ya bibi yake na kebehi alizozisikia alipokwenda shule za mbali kuhusu watu wa kusini. Basi mgeni akija, mwenyeji huficha kile alicholelewa nacho na kumwekea chakula cha kutoka kwa wengine, akidhani anamheshimu.

Nasema cha kutoka kwa wengine kwa maana halisi ya maneno hayo, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndilo jambo linaloninyima usingizi. Tuifuate sahani moja ya chipsi kuku hadi ilikotoka. Viazi mviringo havistawi katika joto la pwani yetu. Vimelimwa katika nyanda za Njombe na Mbeya, vikapakiwa kwenye lori na kusafiri mamia ya kilomita hadi kuvuka Masasi. Mafuta yaliyokaangia, kwa kawaida, ni ya mawese yaliyoagizwa kutoka Asia. Kuku ni wa kisasa, ambaye kifaranga chake na chakula chake mara nyingi vimetoka Dar es Salaam. Sosi ya nyanya imetoka kiwandani nje ya mkoa. Tukiondoa vyote hivyo, kilichobaki Mtwara katika sahani hiyo ni mkaa, huenda chumvi ya pwani yetu, na ujira wa aliyeipika. Mgeni amelipa vizuri, risiti imeandikwa Mtwara, lakini fedha yenyewe imekwisha kupanda lori kurudi ilikotoka.

Sasa tuifuate sahani nyingine: ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa nazi na korosho zilizotwangwa, na kipande cha samaki wa kuchoma. Muhogo umelimwa vijijini upande wa Nanyamba, ukamenywa na kuanikwa uwe makopa, yaani vipande vikavu, na watu wa nyumba ya mkulima. Kisamvu kimechumwa kwenye mihogo ileile. Nazi imeangushwa na mkwezi wa Msimbati, samaki amevuliwa na kijana wa Mikindani, akaletwa na mchuuzi wa baiskeli, na korosho ni zile zilizovunjika wakati wa kubangua, ambazo mnunuzi mkubwa hazitaki. Hesabu mikono: mkulima, mwenye mashine ya kusaga, mkwezi, mvuvi, mchuuzi, mbanguaji, mama wa jiko. Wote ni wa hapa, na kila mmoja wao atatumia alichopata sokoni hapahapa kabla ya jua kuzama siku ya pili. Wazee wetu waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, nadhani walikuwa na sahani ya namna hii akilini, kwa maana ile ya kwanza anayepona ni mwenyeji wa Njombe.

Na korosho ndiyo inayoniumiza zaidi. Katika msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani laki 3, nyingi zikiwa za mikoa hii ya kusini, na sehemu kubwa ya mavuno yetu husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya korosho hukaa wiki nzima katika mji wa korosho, akiziona magunia kwa magunia ghalani, na huondoka bila kuzionja katika mchuzi hata mara moja. Pengine atanunua pakiti moja ya zilizokaangwa kwa chumvi akielekea uwanja wa ndege.

Wapo wanaonijibu kwamba hoteli nayo huajiri vijana wetu na hulipa kodi ya wazi, wakati mama lishe alitozwa shilingi 20,000 tu za kitambulisho cha mjasiriamali mdogo vilipoanza kutolewa mwishoni mwa 2018. Jibu hilo ni zito, na halmashauri inayotaka kujenga mifereji haiwezi kuijenga kwa benchi la Feri. Silipuuzi. Nasema tu kwamba kodi hukusanywa kwenye sahani yoyote, na hakuna sheria inayotaka iwe ya viazi.

Kuhusu vyakula vya baharini, mwenyeji makini anapaswa kujua kalenda ambayo hoteli haiandiki. Pweza hupatikana kwa wingi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari inapokupwa mbali na miamba kubaki wazi, wanawake na wanaume wakaingia kuwasaka matunduni. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, pweza wa barafu ndiye atakayeletwa, naye huwa mgumu kama kanda ya ndala. Jioni ya bamvua nenda Feri. Utamkuta muuzaji amesimama nyuma ya meza ndogo, taa ya betri ikining'inia, kisu kifupi mkononi. Anakata mkia wa pweza vipande vya ukubwa wa kidole, anavimwagia pilipili ya kusaga na chumvi, anakuchomekea kijiti, na kabla hujamaliza anakukabidhi kikombe cha supu ya zambarau yenye ndimu. Watu husimama wakizungumza habari za upepo, kwamba kusi limelegea au kaskazi limewahi. Hayo ndiyo maburudisho ya jioni niliyowahi kuona mgeni akiyasimulia mwaka mzima baadaye.

Katika burudani za usiku sina msimamo mkali kama katika chakula. Mechi katika uwanja wa Nangwanda Sijaona inamtosha apendaye mpira. Uraka, kile kinywaji cha mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyochacha, simshauri mgeni asiyejua nani amekitengeneza, na gongo ni haramu kwa sheria. Lakini kwenye ngoma nakubaliana kwa sehemu na watu wa jibu la kwanza. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, inapendeza, na hakuna ubaya kwa kikundi kulipwa kuicheza mbele ya wageni, ingawa dakika kumi za viuno kabla ya hotuba haziwezi kumwonyesha mtu uimbaji wa kupokezana na mazungumzo ya ngoma kubwa na ndogo yanayoibeba. Barakoa za Kimakonde ni jambo jingine. Zimefungamana na jando, zina wakati wake na watu wake, na kuna mambo ambayo hata mwenyeji asiyepita huko hapaswi kuyajua. Mwenyeji anayewaomba wazee wamtoe mchezaji wa barakoa kwa sababu tu mgeni ana kamera amewavunjia heshima wote wawili. Mahali panapofaa ni tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa kuwa pale wenyewe ndio wanaoamua nini kitoke hadharani.

Nirudi mezani, kwa sababu mgogoro huu, nadhani, utaamuliwa jikoni. Mwaka juzi nilimsindikiza mgeni kutoka Dodoma hadi hoteli moja ya mjini hapa. Nilimwuliza mhudumu kama kuna kisamvu. Binti yule alicheka kwa soni, akasema, "Kipo, baba, lakini ni cha kwetu wafanyakazi." Akanionyesha kwa kidevu upande wa nyuma. Kwenye ukumbi wenye viyoyozi wateja walikuwa wakila chipsi. Nyuma ya ukuta huohuo, chini ya mwembe, mpishi, mlinzi na wafua mashuka walikuwa wamezunguka sinia la ugali wa muhogo na bakuli la kisamvu kizito kilichonukia nazi. Jiko lilikuwa lilelile, mikono ileile, maji yaleyale ya bomba, na hofu yote ya usafi ilikuwa haina pa kushikia. Nilimwomba atuletee. Alikwenda kuuliza, akakaa sana, akarudi na sahani mbili zilizofunikwa, akisema mpishi anaomba radhi kwa kuwa hakupika kwa ajili ya wageni. Mgeni wangu alikula, akaomba kingine. Ilipofika saa ya kulipa, tuliambiwa chakula kile hakina bei, kwa kuwa hakimo kwenye orodha.