Hadithi za Ndugu Watundu: Kicheko Kinamwangukia Nani?

Hadithi za kuchekesha zinazohusu ndugu wanaoishi chini ya paa moja hufuatwa na lalamiko lilelile karibu kila zinaposomwa: mtoto mtundu ndiye anayenoga, mtiifu anaonekana zuzu, na wazazi wamebaki kushika tama huku nyumba ikipinduliwa. Mlezi anayelalamika huuliza kwa nini amnunulie mwanawe kitabu ambacho ndani yake kaka anamtungia mdogo wake majina ya dhihaka, anamfichia vitu vyake, kisha hadithi inakwisha bila yeye kuulizwa lolote. Anayevitetea vitabu hivyo hujibu kwamba mtoto mvivu wa kusoma husoma kile kinachomchekesha, na kwamba utoto usio na utundu haujawahi kuwapo. Majibizano haya yanazunguka palepale kwa sababu pande zote mbili zinabishana kama utundu uandikwe au usiandikwe. Swali lenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni jingine: mtoto anapocheka, kicheko chake kinamwangukia nani, na huyo anayeangukiwa amepewa nafasi gani ya kuwa mtu kamili ndani ya hadithi?

Wanaotaka mtundu aadhibiwe wana historia ndefu nyuma yao. Mwaka 1845 daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alichapisha Struwwelpeter, mashairi yenye picha aliyoyatunga kwa ajili ya mwanawe mdogo, na humo mtoto anayenyonya kidole gumba baada ya kukatazwa hukatwa vidole gumba vyote viwili na fundi cherehani mwenye mkasi mkubwa. Kitabu hicho kinachekesha kwa namna yake ya kuogofya, lakini hamna humo ugomvi wa ndugu: kuna onyo, kuna kosa, kisha kuna malipo. Ndugu anapoingia, hesabu hiyo nyepesi huvurugika, kwa kuwa ugomvi wa watoto wawili ni nadra kuwa na mkosaji mmoja, na mwenye kuhukumu ni mzazi ambaye hakuushuhudia mwanzo wake. Ucheshi wa hadithi za familia huzaliwa hapo, katika tofauti kati ya jambo lililotokea na lile ambalo mzazi alilikuta alipofungua mlango.

Astrid Lindgren wa Sweden aliijua vyema tofauti hiyo alipoanza kuchapisha hadithi za Emil mwaka 1963. Emil anampandisha dada yake mdogo, Ida, juu ya mlingoti wa bendera, lakini anafanya hivyo kwa sababu Ida mwenyewe alitamani kuona mbali, na huko juu Ida anastarehe. Wanaofadhaika ni watu wazima waliosimama chini. Adhabu ya Emil ni kufungiwa kwenye kibanda cha useremala, naye huutumia muda huo kuchonga sanamu ndogo za mbao, kiasi kwamba kifungo kinageuka kuwa karakana. Msimulizi anatudokezea pia kwamba Emil huyu atakapokuwa mtu mzima atakuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kwao. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni hila ya mwandishi ya kuwatuliza walezi wenye wasiwasi. Mimi naona kuna msimamo nyuma yake, kwani Lindgren huyohuyo, akipokea mwaka 1978 Tuzo ya Amani ya wafanyabiashara wa vitabu wa Ujerumani, katika mji uleule wa Hoffmann, alitoa hotuba ya kupinga kuwapiga watoto, na mwaka uliofuata Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kwa sheria adhabu ya viboko hata majumbani.

Hata hivyo, si kila hadithi ya aina hii ina Ida anayestarehe juu ya mlingoti. Mfululizo wa Horrid Henry wa Francesca Simon, ulioanza mwaka 1994 ukiwa na picha za Tony Ross, umejengwa juu ya kaka, Henry, ambaye amekwisha kutangazwa kuwa mbaya na mdogo wake Peter ambaye amekwisha kutangazwa kuwa hana dosari. Wapinzani wanaweza kujiegemeza kwa Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, aliyeona kicheko kuwa ni fahari ya ghafla inayomjia mtu anapojiona bora kuliko mwenzake. Kama Hobbes alisema kweli, basi mtoto anayemcheka Peter anazoezwa kumdharau mtoto mwenzake kwa kosa la kuwa msikivu, na hakuna mlezi anayepaswa kuonewa kwa kuuliza maswali juu ya zoezi hilo.

Utetezi nao si dhaifu. Wahusika bapa, yaani wenye sifa moja tu isiyobadilika, ni chombo halali cha ucheshi tangu zamani. Kutia chumvi kunamjulisha msomaji kwamba yuko kwenye mchezo, na hata mtoto mdogo hutambua kwamba hakuna kaka aliye mbaya kila dakika wala mdogo aliye mwema kila dakika. Isitoshe, mara nyingi mipango ya Henry humgeukia mwenyewe. Nakubaliana na hayo yote, ila linabaki jambo moja ambalo kutia chumvi hakuliondoi. Katika familia nyingi watu wazima hugawa sifa mapema, huyu akawa ndiye mkorofi na yule akawa ndiye mpole, na watoto hukaa ndani ya sifa hizo miaka mingi hata zinapowabana. Hadithi inayoanza na mgawanyo huo na kuishia nao, bila kuutikisa hata kidogo, humrudishia mtoto hukumu ya nyumbani ikiwa imepigwa chapa. Tena anayeumia si mkorofi peke yake, kwa kuwa Peter hana ruhusa ya kukosea, na mtoto anayejiona katika Peter hafunguliwi mlango wowote.

Mwandishi aliyelishughulikia jambo hili kwa ustadi kuliko wengi ni Beverly Cleary wa Marekani. Katika Beezus and Ramona, kitabu cha mwaka 1955, Beezus ana miaka tisa na mdogo wake Ramona ana minne. Ramona anauma tofaa moja, analiweka, anachukua jingine, kwa hoja kwamba pale unapouma mara ya kwanza ndipo penye utamu wote. Baadaye anaharibu keki mbili za siku ya kuzaliwa ya dada yake kwa siku moja. Vituko ni vya Ramona, lakini moyo wa msomaji uko kwa Beezus, anayejikuta akiwaza jambo analodhani hakuna mtoto mwema anayeliwaza, kwamba zipo nyakati ambapo hampendi mdogo wake. Kinachomtuliza si Ramona kuadhibiwa, na wala si Ramona kuomba radhi. Ni kumsikia mama yake na Beatrice, ndugu wa mama huyo, wakikumbushana magomvi yao ya utotoni na kuyacheka. Mwandishi asiye na subira angempa Beezus mawaidha ya upendo wa kindugu. Cleary anampa ushahidi, ambao ni kitu tofauti kabisa.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1968, Cleary alichapisha Ramona the Pest, na safari hii akaingia ndani ya kichwa cha mdogo mtu. Yule ambaye kutoka nje alikuwa kero, kutoka ndani ni mtoto mwenye sababu zake: anavuta msokoto wa nywele za mwenzake wa darasani kwa kuwa hawezi kuvumilia kutoona utakavyoruka, na anashangaa kwa dhati anapoitwa msumbufu. Hapa ndipo ninapoona pingamizi kuu dhidi ya hadithi hizi likipungukiwa nguvu. Kicheko cha kitabu cha kwanza hakifutwi na cha pili, ila msomaji aliyevisoma vyote hawezi tena kumcheka Ramona akiwa salama upande mmoja, maana amekwisha kujua jinsi mambo yanavyoonekana kutoka kwake.

Hayo hayategemei ubunifu wa waandishi peke yake. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Judy Dunn wa Uingereza aliwafuatilia watoto wadogo majumbani mwao na kuona kwamba mtoto, hata kabla ya kutimiza miaka miwili au mara tu baada ya hapo, anaweza kumchokoza ndugu yake kwa kulenga hasa kitu kinachomuuma. Huwezi kumchokoza mtu kwa usahihi namna hiyo usipoelewa anapenda nini na anachukia nini. Uchokozi wa ndugu, kwa hiyo, ni ukatili mdogo na ni elimu ya nafsi ya mwenzio kwa wakati mmoja, na hadithi inayoonyesha sehemu moja tu, iwe ya uovu au ya utamu, imepunguza ukweli. Wahenga waliosema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune, walimwonya mtu wa nje asidhani kwamba anauelewa ugomvi usio wake. Msomaji wa hadithi hizi ni mtu wa nje anayeruhusiwa kuingia, na mwandishi mzuri humwingiza kupitia mlango zaidi ya mmoja.

Judy Blume, naye wa Marekani, alitumia mlango mmoja tu mwaka 1972 katika Tales of a Fourth Grade Nothing na bado akafaulu. Peter wa kitabu hiki, mwenye miaka tisa, ana mdogo wake, Fudge, ambaye mwanzoni hajafikisha mitatu, na siku moja Fudge anammeza kobe mdogo anayefugwa na Peter. Nyumba nzima inakimbilia hospitali, mgonjwa anapona, zawadi zinamiminika kwake, na kobe haliliwi na mtu ila Peter. Mkosoaji atasema kwamba mdogo ameharibu na hakupata fundisho lolote, na atakuwa amesema kweli. Ila mtoto wa umri huo hafundishwi kwa sura ya mwisho ya kitabu. Kicheko cha Blume hakimwangukii Fudge. Kinauangukia mgawanyo wa umakini wa wazazi, na malalamiko ya kifungua mimba, ambayo kwa kawaida huzimwa kwa kuambiwa kwamba yeye ni mkubwa na anapaswa kuelewa, yanachekesha bila kupuuzwa. Mwishoni wazazi wanamletea Peter mbwa mdogo, ishara kwamba deni lake lilikuwa limeonekana.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye hadithi za shajara, ambazo zimeenea mno tangu Diary of a Wimpy Kid ya Jeff Kinney ilipotoka kama kitabu mwaka 2007. Greg yuko katikati, chini ya kaka anayemtesa, Rodrick, na juu ya mdogo anayedekezwa, Manny, na anajihurumia ukurasa baada ya ukurasa huku akiwatendea wenzake vibaya. Kazi yote inategemea kinaya: msomaji anatakiwa kuona kwamba Greg anajidanganya, na mara nyingi michoro inafichua yale ambayo maneno yanayaficha. Msomaji wa miaka kumi na miwili huipata kinaya hiyo na kuifurahia. Msomaji wa miaka saba anaweza kumwamini Greg neno kwa neno, akamchukua kuwa mshauri. Katika jambo hili nawapa walalamikaji haki yao bila kusita, ingawa dawa wanayoipendekeza, yaani kukiondoa kitabu rafuni, imelenga pasipostahili. Kasoro iko kwenye umri aliopewa msomaji.

Kuhusu wazazi wanaochorwa kama majuha, sina wasiwasi mwingi. Watoto huwajua wazazi wao kiasi cha kutotishwa na kikaragosi, na pale mwandishi anapotaka kumheshimu mzazi bila kuacha kuchekesha, inawezekana: katika Ramona and Her Father, kitabu cha mwaka 1977, baba anapoteza kazi, na jitihada za Ramona na Beezus za kumwachisha sigara zinachekesha na kuumiza kwa pamoja, kwa kuwa watoto wanapigania jambo wanaloliweza katikati ya jambo wasiloliweza.

Pingamizi ambalo halitajwi sana, na ambalo mimi naliona zito kuliko yote, linahusu usomaji wa sauti. Kitabu kinachosomwa mbele ya ndugu wawili huacha kuwa siri kati ya ukurasa na msomaji mmoja. Mkubwa humtupia jicho mdogo wake Fudge anapotajwa, mdogo huhisi jicho hilo, na kesho yake jina la mhusika hugeuka kuwa jina jipya la kumtania. Watetezi hutaja mara nyingi kicheko kinachounganisha familia, nacho kipo, lakini hukisahau kicheko cha mmoja dhidi ya mwingine, ambacho hutokea katika chumba hichohicho na mara nyingine kwa sentensi hiyohiyo. Kwa wasikilizaji wawili ningechagua kwanza hadithi ambazo mtazamo unahamahama au ambazo watu wazima ndio wanaochekwa, nami ningeviacha vile vya mkorofi na mpole kwa mtoto anayesoma peke yake. Na unapofika wakati wa kuamua kama kitabu kiendelee jioni inayofuata, ningemuuliza kwanza yule anayefanana na mhusika anayechekwa, tena nikimuuliza pasipokuwa na nduguye wa kumsikia.